Faili hii ni ya nani? Hotuba kuhusu mahali pa kusakinisha programu kwenye Unix

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasimamizi wa mifumo na waandishi wa programu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Vielelezo vya ukutani nimeviacha.

Ndugu zangu, wenzangu wa terminali, hamjambo?

Nianze kwa kuwaomba kitu kidogo. Anayeijua kila faili iliyomo ndani ya /usr/local/lib ya mashine yake, ile saraka (folda) ya maktaba zilizosakinishwa kwa mkono, na aliyeiweka, na inayemtumikia, ainue mkono. Kila faili, nimesema. Naona mkono mmoja kule nyuma, na mwenye mkono anacheka. Basi tumeelewana.

Nami sina haki ya kumcheka mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa seva ambayo aliyekuwa akiitunza alikwisha kuondoka. Nikaingia, nikapiga ls, amri ya kuorodhesha faili, nikakuta maktaba moja, yaani faili ya msimbo ambao programu huazima, imejikalia ndani ya /usr/local/lib. Jina lake halikunieleza kitu: herufi chache, kisha .so, kisha tarakimu. Nikamuuliza meneja wa vifurushi, ile programu inayosakinisha nyingine na kuweka orodha ya faili zake, "Hii ni yako?" Akasema haijui. Tarehe yake ilikuwa ya miaka sita nyuma. Nikapita programu moja baada ya nyingine nikiangalia ni ipi inaihitaji. Sikuiona. Lakini sote hapa tunajua kwamba "sikuiona" si "haipo", maana ziko programu zinazofungua maktaba katikati ya kazi bila kuitaja popote mapema.

Mngefanyaje? Mngeifuta? Mngeiacha? Mimi niliibadilisha jina, nikasubiri kusikia nani atalia. Siku ya kwanza, kimya. Wiki ya kwanza, kimya. Tuiache hapo kwanza.

Mjadala uliotuleta hapa mmeusikia mara nyingi, na kwa kawaida husikika kwa sauti ya juu: programu isakinishwe wapi? Kuna wanaosema tupange kwa aina. Amri zote ziende bin, maktaba zote lib, kurasa za mwongozo man, basi. Kuna wanaosema tupange kwa mwenyewe: kila programu ipewe saraka yake, na kila kilicho chake kikae humo, ili siku ya kuiondoa ufute saraka moja ukalale. Nilikuwa kundi la pili, tena kwa makelele. Leo nimetoka huko, wala sikuhamia kundi la kwanza.

Sikilizeni. Njia ya faili ni jibu la swali moja tu. Ukiandika /usr/bin/bash umejibu swali "hiki ni kitu gani?" Ni amri. Ukiandika /Programs/Bash/5.0/bin/bash umejibu swali "hiki ni cha nani?" Ni cha Bash, toleo la 5.0. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini faili hukaa tawi moja. Nani kati yenu ameweza kupanga vitabu kwa jina la mwandishi na kwa rangi ya jalada, kwenye rafu ileile? Ukichagua moja, la pili utalitafuta kwa mkono. Ugomvi wetu wote, wa miaka yote hii, umetoka hapo.

Lakini mpangilio tulio nao haukuzaliwa katika mjadala wa namna hii. Ulizaliwa katika dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiujenga mfumo endeshi wa Unix juu ya kompyuta ya PDP-11. Diski ya RK05, iliyotumika sana na mashine hizo, ilibeba kama megabaiti 2.5. Picha moja uliyopiga leo asubuhi kwa simu huenda isiingie humo. Mfumo ulikaa diski moja, mali za watumiaji zikakaa nyingine, na hiyo nyingine ikapachikwa mahali palipoitwa /usr. Yaani watumiaji. Ken alikuwa na saraka yake humo, Dennis na yake. Wale waliofundishwa kwamba usr ni kifupi cha rasilimali za mfumo wa Unix, poleni. Huo ufafanuzi ulishonwa baadaye.

Kisha mfumo ukanenepa. Diski ya kwanza ikajaa. Wafanye nini? Wakabisha hodi kwa jirani. Wakafungua bin ya pili ndani ya /usr, na lib ya pili, kumwaga kilichofurika. Na hapo ikazaliwa sheria ambayo wengi wetu tuliikariri bila kujua mama yake: vya kuamshia mashine vibaki diski ya kwanza, vingine vyote viende /usr. Ilikuwa lazima. Amri ya mount haiwezi kukaa ndani ya diski ambayo yenyewe ndiyo inayotakiwa kuipachika. Utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Diski zikakua. Tatizo likafa. Mpangilio ukabaki. Na sisi tukafanya nini? Tukautungia sababu. Tukasema /bin ni ya kurekebishia mashine iliyoanguka. Tukasema /usr inagawiwa mashine nyingi kupitia mtandao. Hazikuwa uongo, watu kweli walizitumia hivyo, na wengine walishukuru. Lakini zilikuja baada ya nyumba kujengwa. Februari 14, 1994 ukatoka waraka wa kwanza wa kusawazisha saraka za Linux, ambao baadaye ulipanuliwa na kuitwa FHS, yaani kiwango cha mpangilio wa saraka, na toleo lake la 3.0 likatoka mwaka 2015. Waraka ule umetusaidia sana, sitaubeza. Ila usomeni tena mkijua habari ya ile diski iliyojaa, mtaona kurasa nzima zinazoeleza kwa heshima kubwa jambo lililoanza kwa kukosa nafasi.

Mwaka 2012 Fedora, mfumo wa familia ya Linux, kwa toleo lake la 17, ikaamua kuyamaliza: /bin ikawa kiungo tu kinachoelekeza /usr/bin, na /lib vivyo hivyo. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baada ya miaka arobaini amri za bin zote mbili zimerudi saraka moja. Na kinachonichekesha ni hiki, kwamba saraka yenyewe ni ile ya jirani. Mgeni aliyekuja kwa sababu ya kufurika ndiye sasa mwenye nyumba.

Je, nimesema mpangilio wa aina hauna maana? Sijasema. Sheli, programu inayopokea amri unazoziandika, ikitafuta amri inapita orodha fupi ya saraka, inaipata, imemaliza. Kipakiaji, kinachoipandisha programu kwenye kumbukumbu, kikitafuta maktaba, vivyo hivyo. Mwongozo, vivyo hivyo. Mashine yenyewe, inapofanya kazi, haiulizi kamwe "hii ni ya nani?" Inauliza "iko wapi amri iitwayo hivi?" Mpangilio wa aina ni mpangilio wa mashine. Anayeuliza "ni ya nani" ni mimi na wewe, tena mara mbili katika maisha ya programu: siku ya kuiweka na siku ya kuitoa.

Sasa niwapeleke kwa wale walioamua kumsikiliza binadamu. Ni wengi kuliko mnavyodhani. Mfumo wa RISC OS ulikuwa na programu zilizokuwa saraka zenye alama ya mshangao mwanzoni mwa jina. Ukiibofya saraka, programu inaanza. Mfumo wa NeXTSTEP ukafanya jambo la aina hiyo, na macOS ya Apple ikalirithi: ile ikoni unayoiburuta kwenda Applications ni saraka inayojifanya faili. Unaiburuta kwenda kwenye pipa, imekwisha. Imekwisha kweli? Tafuteni ndani ya Library ya mtumiaji, mtakuta mipangilio yake na akiba zake zimebaki. Saraka moja ilibeba mali ya programu. Haikubeba nyayo zake.

Ninaowapenda zaidi ni watu wa GoboLinux, mfumo mwingine wa familia ya Linux. Hisham Muhammad alikuwa mwanafunzi nchini Brazil, anatumia mashine za chuo ambazo hakuwa na mamlaka ya mzizi (root), ya msimamizi mkuu, juu yake. Alitaka programu zake mwenyewe. Afanye nini? Akazisakinisha ndani ya saraka yake ya nyumbani, kila moja na chumba chake. Baadaye akagundua kwamba kile kibanda alichojijengea kwa shida kilikuwa kimepangika kuliko jumba alilokatazwa. Yeye na André Detsch wakachukua wazo hilo wakalifanya mfumo mzima: /Programs, ndani yake jina la programu, ndani yake toleo, ndani yake kila kitu. Matoleo mawili ya programu moja? Saraka mbili. Unataka kujua kilichosakinishwa? Piga ls. Saraka zenyewe ndizo orodha.

Nilipoiona mara ya kwanza niliamini nimeuona mwisho wa ugomvi. Nyie je, haiwapendezi? Lakini tazameni chini ya zulia. Mashine bado inauliza "iko wapi amri iitwayo hivi?" Basi GoboLinux ikajenga mahali pa pili, pamejaa viungo, kimoja kwa kila amri na kila maktaba, vikielekeza ndani ya /Programs. Na kwa kuwa maelfu ya skripti ulimwenguni huanza na mstari usemao #!/bin/sh, unaoita amri iliyomo /bin, ikabidi /bin iwepo. Na /usr iwepo. Wakaandika nyongeza ya kerneli, kiini cha mfumo, ya kuzificha saraka hizo za zamani ili macho yasizione. Zipo, hazionekani. Nasema bila kejeli: ni kazi safi sana. Lakini inatuonyesha kwamba mpangilio wa aina haukuondolewa. Ulishushwa ngazi, kutoka mahali pa faili hadi mahali pa viungo.

Mimi sikwenda mbali hivyo. Nilitumia GNU Stow, na ninyi wengi mmewahi kuitumia. Unasakinisha kila programu ndani ya /usr/local/stow, kila moja na saraka yake, kisha Stow inapanda viungo ndani ya /usr/local. Ukiichoka, inaving'oa. Nilikuwa nikiihubiri kama dini.

Stow ina ujanja mmoja wa kupunguza viungo. Ikikuta saraka fulani inahitajiwa na programu moja tu, haipandi kiungo kwa kila faili. Inaweka kiungo kimoja cha saraka nzima. Ikija programu ya pili kupitia Stow, inakivunja kile kiungo na kuvitandaza upya. Vizuri kabisa, mradi kila mtu apite mlango huo. Siku moja mwenzangu mmoja, kwa haraka ya kazi, akakompaili programu yake akapiga make install, amri ya kunakili programu iliyojengwa hadi mahali pake, moja kwa moja ndani ya /usr/local. Faili zake zikafika kwenye saraka ambayo, kwa macho, ilikuwa saraka. Kwa kweli ilikuwa kiungo. Zikateleza zikaingia ndani ya chumba cha programu yangu. Miezi ikapita. Nikaiondoa programu yangu kwa furaha, nikafuta saraka yake, kwa sababu si ndiyo ahadi yenyewe, futa saraka moja ukalale? Nikalala. Yeye hakulala: faili zake zilikuwa zimefutwa pamoja na zangu.

Nani alikosea? Yeye, kwa kupita dirishani? Mimi, kwa kufuta bila kuchungulia? Tulibishana siku mbili. Leo nasema mti wenyewe wa saraka ulitudanganya sote wawili. Ulisema "kila kilichomo humu ni cha programu hii", na hapakuwa na mtu wala kitu cha kuhakikisha kauli hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo kundi la pili hulipitia haraka, nami nililipitia haraka. Programu si mzigo unaohamishika. Ukiandika ./configure --prefix=/opt/kitu, kuiambia programu itakapokaa, ile /opt/kitu haibaki kwenye karatasi ya maelekezo. Inachomwa ndani ya binari, ile faili ambayo mashine huiendesha. Humo ndimo programu itakamotafuta mipangilio yake, lugha zake, viendelezo vyake. Ihamishe kesho, nayo itaendelea kupiga hodi nyumba ya zamani. Wangapi mmewahi kuvuta saraka nzima kwenda mashine nyingine, ikawaka, mkashangilia, kisha wiki mbili baadaye mkagundua inasoma faili ya mipangilio isiyokuwepo na kutumia chaguo-msingi kimyakimya? Sihitaji mikono, naona nyuso.

Na hapa nawaleta kwa Nix, meneja mwingine wa vifurushi, kwa sababu Nix iliuchukua ulemavu huu ikaufanya mguu. Mwaka 2006 Eelco Dolstra alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Wazo lake ukilisikia mara ya kwanza linaudhi macho: kila kitu kikae ndani ya /nix/store, na jina la kila saraka lianze na herufi na tarakimu 32 zisizosomeka, kisha jina la programu na toleo. Zile 32 hazikuokotwa. Zimekokotolewa kutokana na kila kilichoingia katika kuijenga: msimbo, kikompaili, chaguo zake, maktaba zake. Badilisha kitu kimoja, jina linabadilika, saraka inakuwa nyingine. Matoleo mawili ya maktaba ileile hayawezi kugongana, kwa kuwa hayajawahi kuishi chumba kimoja.

Sasa ile tabia ya njia kuchomwa ndani ya binari, mwaiona inavyogeuka? Nix inajuaje kwamba programu fulani inaitegemea maktaba fulani? Haimuulizi mtu. Inaipitia faili iliyojengwa baiti kwa baiti, ikizitafuta zile herufi 32. Ikizikuta, imeupata uhusiano. Inaposafisha ghala, saraka isiyotajwa na yeyote inafutwa, na iliyotajwa inabaki. Yaani lile swali langu la /usr/local/lib, lile lililonifanya nikae juu ya kiti nikisubiri nani atalia, Nix inalijibu kwa kusoma. Siku niliyolielewa hilo nilisimama nikatembea chumbani.

Bei yake? Ipo. Kwenye NixOS, mfumo uliojengwa juu ya Nix, hakuna /usr/bin ya kawaida. Ndani ya /bin utakuta sh, na ndani ya /usr/bin utakuta env, na hapo umeshamaliza matembezi. Binari uliyoipakua mahali pengine inakitafuta kipakiaji chake katika /lib64, hakipo, na kwa miaka mingi jibu ulilolipata lilikuwa kwamba faili haipo, ilhali unaiona kwa macho yako mawili. Wageni wengi waliishia hapo wakarudi walikotoka. Siwalaumu.

Nipite haraka juu ya vyombo vya siku hizi, Flatpak na jamaa zake na makontena kwa ujumla, kwa sababu kwa mjadala wetu hawakuleta jibu jipya. Walichofanya ni kuipa kila programu ulimwengu wake, na ndani ya ulimwengu huo imo /usr ileile ya Thompson na Ritchie, imekunjwa vizuri. Waliokimbia mti wa zamani wamebeba mbegu yake mfukoni.

Ila kuna swali moja ambalo vyombo hivi vinalifanya liwe kali, na lingenivunja moyo kama ningebaki kundi la pili. Mnakumbuka Aprili 2014? Kasoro iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kuanzia toleo la 1.0.1 hadi 1.0.1f. Mtu wa mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva yako, na ndani ya vipande hivyo kukawa na nywila, hata funguo za siri. Marekebisho yalikuja katika 1.0.1g.

Usiku ule mimi nilikuwa na mashine za aina mbili. Kwenye zile zilizopangwa kwa aina, maktaba ilikuwa moja, mahali pamoja. Nikaisasisha, nikaanzisha upya huduma, nikabadilisha funguo, nikahama. Kwenye zile nilizokuwa najivunia, ambako kila programu ilibeba mali yake yote ndani ya chumba chake, swali halikuwa "nisasishe wapi?" Lilikuwa "ziko ngapi?" Sikujua. Nikapita chumba kwa chumba nikitafuta libssl, faili ya OpenSSL. Nikazipata nne. Nikarudia kutafuta, nikapata ya tano, ndani ya binari ya programu iliyokuwa imeimeza wakati wa kukompailiwa, haina hata jina la faili. Niambieni, wenzangu: uhuru wa kila programu kubeba chake ulinisaidia nini usiku ule?

Kumbe lipo swali la tatu. "Hiki ni nini?" Mti wa aina unajibu. "Hiki ni cha nani?" Mti wa mwenyewe unajibu. "Nani wengine wanakitumia hiki?" Hakuna mti unaojibu. Hakuna. Upange saraka zako utakavyo, hili halimo ndani ya njia ya faili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa na kompyuta, na sijui sentensi inayoieleza /usr/local vizuri zaidi ya hiyo. Kwa nini Debian, nayo ya familia ya Linux, imeweza kuishi miaka yote hii na maelfu ya vifurushi vilivyomwagwa pamoja ndani ya /usr/bin, bila yeyote kukuambia fujo imemshinda? Kwa sababu ya daftari. Meneja wa vifurushi wake anaitwa dpkg: piga dpkg -S na jina la faili, utaambiwa ni ya nani. Piga dpkg -L na jina la kifurushi, utapewa orodha ya mali zake zote. Kwenye Fedora ni rpm -qf. Swali la kundi la pili limejibiwa, na faili hazikusogea hata inchi. Nilipokuwa nikihubiri Stow nilikuwa nalichukia hili daftari. Nililiona ni fimbo ya kutembelea, ya mfumo uliovunjika mguu. Nilikosea. Tatizo langu halikuwa mti. Tatizo langu lilikuwa make install, ambayo inaweka vitu na haiandiki popote.

Lakini msije mkatoka hapa mkisema nimeabudu daftari. Daftari nalo linaweza kudanganya, na nina hadithi yake. Debian nayo ilipoamua kuziunganisha /bin na /usr/bin, mti ulibadilika: njia mbili zikawa faili moja. Daftari la dpkg halikuambiwa. Kwake, /bin/kitu na /usr/bin/kitu ziliendelea kuwa vitu viwili. Sasa fikirieni: faili inahama kutoka kifurushi A, iliyokuwa /bin, kwenda kifurushi B, ikiwa /usr/bin, katika toleo lilelile. dpkg inafungua B, inaiweka faili. Kisha inasasisha A, inaona /bin/kitu si mali ya A tena, inaifuta kwa uaminifu kabisa. Imefuta ipi? Ileile aliyoiweka B sasa hivi. Kila mstari wa daftari ulikuwa sahihi, na faili imetoweka. Ikabidi watunzaji wa vifurushi waombwe wasihamishe faili kwa namna hiyo kwa muda, hadi mambo yapangwe sawa. Miaka ya mabishano, kwa sababu mti na daftari walikuwa hawasemezani.

Hapo ndipo nilipo mimi, ndugu zangu. Mtu akinijia na mpangilio mpya wa saraka siku hizi simuulizi tena utakaa wapi. Namuuliza: nani anaandika daftari, na mti ukibadilika daftari litajuaje? GoboLinux inajibu kwamba mti ndio daftari, na jibu hilo ni zuri mpaka mtu apite dirishani. Debian inajibu kwamba daftari liko pembeni, na jibu hilo ni zuri mpaka mti usogezwe bila taarifa. Nix inajibu kwamba jina lenyewe la saraka limekokotolewa kutoka daftarini, na ghala linafungwa lisiandikwe na yeyote ila Nix. Kati ya majibu matatu, hilo la mwisho ndilo sijapata bado kulivunja. Wala sijazihamishia seva zangu zote huko, maana wenzangu nao wanataka kulala.

Mnaorudi kazini kesho, msibadilishe saraka yoyote. Chukueni tu kila kilichoingia /usr/local kwa make install mkakipitishe kwenye kifurushi, hata kama kifurushi chenyewe ni kibaya, hata kama jina lake linakuaibisha. Weka DESTDIR, saraka ya muda ya kupokelea faili, funga, sakinisha kwa meneja. Dakika kumi. Nimewahi kufanya hivyo kwa programu ambayo sikuielewa hata kidogo, na daftari likaielewa kwa niaba yangu.

Ah, na ile maktaba. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu nikaanza kuisahau. Usiku wa mwisho wa mwezi kazi ya kufunga hesabu ikaanguka. Programu iliyolia ilikuwa ndani ya saraka ya nyumbani ya mtu, na iliifungua maktaba ile mara moja kwa mwezi, kwa jina, katikati ya kazi. Nikairudishia jina lake. Iko pale hadi leo, ndani ya kifurushi nilichokitunga usiku uleule, na kifurushi kina faili ya maelezo yenye mistari mitatu: inaitwa nini, inamtumikia nani, ilijengwa na nani. Mstari wa tatu bado uko wazi.

Karibuni maswali.